Rimu ya Forester Iliyopigwa na Shimo: Kwa Nini Haikustahili Kuchomelewa Tena

Gari linalozungumziwa hapa ni Subaru Forester 2.0XT ya mwaka 2009, mojawapo ya yale yaliyoingia nchini kutoka Japani yakiwa yameshatumika, lenye rimu za alumini za inchi 17 na matairi ya 225/55R17. Mwenye gari alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma. Kati ya Morogoro na Chalinze, usiku, mvua ikiwa imekatika muda mfupi uliopita, tairi la mbele kushoto liliingia katika shimo lililojaa maji karibu na ukingo wa lami, na kwa makadirio yake mwendo ulikuwa kilomita 80 kwa saa. Kilisikika kishindo kimoja kizito, usukani ukavuta kidogo kushoto, kisha gari likaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Alipofika Chalinze tairi lilikuwa limepungua upepo kiasi cha kuonekana kwa macho.

Fundi pancha alilitoa tairi akakuta ukingo wa ndani wa rimu umepinda. Aliugonga kwa nyundo ukarudi karibu na mahali pake, akajaza upepo, akamwagia maji ya sabuni, na mapovu yakaendelea kutoka. Ndipo akasema, "Bosi, hii tunaiwekea tyubu, unafika mjini bila presha." Ikawekwa tyubu, na kweli mjini akafika. Sioni sababu ya kumlaumu fundi yule, kwa sababu kazi yake ya usiku ule ilikuwa kumtoa mteja barabarani, na hiyo aliifanya. Tatizo ni kwamba tyubu ya kufikia mjini iliendelea kukaa ndani ya tairi kwa wiki kadhaa, gari likienda kazini na kurudi kila siku na mara moja likaenda Bagamoyo na familia nzima.

Katika wiki hizo usukani ulianza kutetemeka kila mwendo ulipokaribia kilomita 80, ukatulia kidogo ulipozidi 110. Mwenye gari alikwenda kupiga balansi. Mashine ilidai risasi nyingi (vile vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu) upande wa ndani, zikabandikwa, mtetemo ukapungua lakini haukuisha. Akarudi, akaambiwa kwamba huenda ni alaimenti. Alaimenti ikafanywa, akalipa, na usukani ukaendelea kutetemeka kama mwanzo. Ni baada ya hapo ndipo gari lilipoletwa nilitazame, likiwa na swali ambalo mwenyewe alikuwa ameshalijibu nusu: je, rimu ichomelewe kwa agoni (kwa umeme chini ya gesi ya agoni), au anunue nyingine?

Kabla ya kujibu swali hilo inafaa kueleza kwa nini balansi na alaimenti zilishindwa, maana wenye magari wengi hupoteza fedha hapo. Balansi husahihisha mgawanyo wa uzito kuzunguka gurudumu. Haiwezi kulirudishia gurudumu uduara wake. Rimu iliyopinda hulipandisha na kulishusha gari kidogo katika kila mzunguko, na risasi hata zikipangwa vizuri namna gani haziwezi kuufuta mwendo huo, kwa kuwa chanzo chake ni umbo. Dalili ilikuwa wazi tangu mara ya kwanza: mashine ilipodai risasi zinazozidi gramu 100 upande mmoja wa gurudumu ambalo kabla ya shimo halikuwa na matatizo, fundi alipaswa kusimamisha kazi, kulizungusha gurudumu polepole na kuutazama ukingo wake. Alaimenti nayo hushughulikia pembe za magurudumu. Ikiharibika, gari huvuta upande mmoja au tairi huliwa upande mmoja, na si kawaida yake kutetemesha usukani katika mwendo maalumu.

Tairi lilipotolewa, rimu ilionekana nzima kabisa kwa upande wa nje, rangi yake ikiwa safi na mikono yake haina hata mkwaruzo wa maana. Hilo ndilo linalowapumbaza wengi. Upande wa nje wa rimu umeshikwa na mikono inayounganisha ukingo na sehemu ya katikati, lakini ukingo wa ndani, ule unaoelekea kwenye shokapu, umening'inia mbali na mikono hiyo bila mhimili. Shimo linapolibana tairi mpaka ukuta wake ukaisha (na ukuta wa tairi la 225/55 una urefu wa milimita 124 tu ukiwa na upepo kamili), ukingo wa shimo na ukingo wa rimu hukutana, na upande unaosalimu amri kwanza ni ule usio na mhimili. Magurudumu mengine matatu ya gari hilo yalikuwa na upepo wa psi 27 hadi 28, badala ya takriban 33 zinazohitajika mbele, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba hata lile lililopigwa lilikuwa laini kuliko lilivyopaswa kuwa.

Rimu ilifungwa kwenye mashine ya balansi bila tairi, na kipimo chenye mshale kikaegemezwa kwenye ukingo wa ndani. Ikizungushwa kwa mkono, mshale ulikwenda karibu milimita 4 ubavuni na zaidi ya 2 juu na chini. Kwa rimu ya alumini ya gari dogo, kikomo kinachokubalika kwa kawaida ni takriban milimita 1. Kwa hiyo mtetemo ulikuwa umepata maelezo yake, na lau kama mambo yangeishia hapo, jibu la swali lingekuwa jepesi kuliko lilivyokuja kuwa.

Kilichobaki ni uvujaji. Rimu huvuja kwa sababu zaidi ya moja, na mjini Dar es Salaam sababu ambayo haihusiani na mashimo ni chumvi ya hewa ya pwani, ambayo hupenya chini ya rangi mahali tairi linapokalia na kuacha unga mweupe na vijishimo vidogo vinavyopitisha upepo. Uvujaji wa namna hiyo huponywa kwa kusugua, kusafisha na kupaka upya. Hapa unga huo ulikuwepo kidogo, lakini haukufanana na mapovu yaliyosimuliwa Chalinze. Tulisafisha mahali palipopinda kwa brashi ya waya mpaka rangi ikatoka, tukapaka mafuta ya taa upande wa ndani wa rimu, tukafuta upande wa pili ukakauka kabisa, kisha tukausugua kwa chaki nyeupe. Baada ya muda mstari mwembamba wa kijivu ulijichora wenyewe katika chaki, ukianzia kwenye ncha ya ukingo na kushuka kuelekea bonde la katikati kwa urefu wa karibu sentimita 3. Mafuta ya taa yalikuwa yamepenya ufa ambao jicho halikuuona. Karakana zenye uwezo hutumia rangi nyekundu maalumu ya kupenya pamoja na dawa nyeupe ya kuifichua, na hiyo ni sahihi zaidi; lakini mafuta ya taa na chaki ni kipimo cha zamani, cha bei ndogo, na kwa ufa uliopita upande hadi upande hakina longolongo.

Chaki ilionyesha na jambo jingine. Pembeni kidogo ya ufa, chini ya rangi ya fedha, palikuwa na uvimbe laini wenye mawimbi madogo yaliyolaliana, yaani alama ya kuchomelea iliyosagwa kwa grainda na kufunikwa kwa rangi. Mwenye gari hakuwahi kuipeleka rimu hiyo kwa mchomeleaji. Aliinunua na gari, na gari lilishapitia mikono ya mtu mwingine hapa nchini kabla yake. Kwa hiyo kisa tulichokuwa nacho kilikuwa cha rimu iliyopasuka, ikachomelewa, ikapakwa rangi, ikauzwa pamoja na gari, na sasa imepasuka tena kwenye mpaka wa uchomeleaji ule ule.

Hapa lazima kuingia kidogo katika asili ya chuma chenyewe, kwa sababu ndipo uamuzi mzima unapolala. Rimu nyingi za alumini zinazotoka viwandani na magari ya kawaida hutengenezwa kwa kumiminwa katika kalibu, na aloi inayotumika zaidi ni ile inayoitwa A356, yenye silikoni ya takriban asilimia 7 na magnesi chini ya nusu asilimia. Ikitoka katika kalibu haina nguvu ya kutosha. Huingizwa kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 540 za Selsiasi kwa saa kadhaa, hupozwa ghafla kwenye maji, kisha huwekwa tena katika joto dogo la kama nyuzi 150 au zaidi kidogo kwa saa nyingine kadhaa, na katika hatua hii ya mwisho chembe ndogo mno za magnesi na silikoni hujipanga ndani ya alumini na kuizuia isilegee. Nguvu ya rimu imo katika mpangilio huo. Ukiipasha joto tena bila utaratibu, hata nyuzi mia mbili na kitu kwa muda wa kutosha, chembe zile hukua na kutawanyika ovyo, na mahali hapo panabaki alumini laini yenye umbo la rimu.

Sasa mchomeleaji wa agoni, hata awe stadi wa kusifika, hana budi kuyeyusha chuma ili akiunge, na aloi hii huanza kuyeyuka katika nyuzi 555 au karibu na hapo. Pembeni ya mstari wake panabaki ukanda uliopashwa joto na kupoteza ugumu, na hakuna karakana ya mtaani itakayoirudisha rimu nzima katika tanuri, maji na tanuri tena ili kuurejesha. Na hata ingejaribu, rimu iliyokwisha kumaliziwa kwa mashine ingepindika. Fundi wa kunyoosha kwa mtungi wa gesi ana hatari yake nyingine: chuma cha kawaida kikipashwa joto hugeuka rangi ya zambarau, kisha nyekundu, na fundi hujua amefika wapi, ilhali alumini hubaki na rangi yake ileile mpaka dakika inapoanza kuyeyuka. Mtu anayeipima kwa macho anafanya kazi gizani.

Wingi wa mizunguko nao si wa kupuuzwa. Tairi la 225/55R17 lina mzingo wa takriban mita 2.13, hivyo huzunguka karibu mara 470 kwa kila kilomita, na safari moja ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni zaidi ya mara 200,000. Katika kila mzunguko kila sehemu ya ukingo hubanwa na kuachiwa mara moja. Ufa hauhitaji shimo jingine ili ukue. Unahitaji kubanwa na kuachiwa mara nyingi, na mahali unapopenda kuanzia ni pale ambapo chuma kigumu kinapakana na chuma laini, yaani kwenye mpaka wa uchomeleaji. Ndivyo ilivyotokea hapa. Shimo la Chalinze lilikuwa sababu ya karibu, lakini udhaifu ulikuwepo tayari, na siwezi kumhakikishia mtu yeyote kwamba rimu ambayo haikuwahi kuguswa isingepinda tu bila kupasuka.

Kwa mtazamo huo tyubu ya Chalinze inapata sura nyingine. Katika tairi lisilo na tyubu, uvujaji ndio kengele pekee ambayo ufa wa ndani unaweza kupiga. Dereva anaona tairi linapungua kila asubuhi, anachoka kujaza upepo, anakwenda kwa fundi. Tyubu ikiwekwa, kengele imenyamazishwa na ufa umeachwa uendelee, hadi siku ukingo utakapomeguka na kuikata tyubu yenyewe, na tyubu haina tabia ya kupungua polepole. Kumwekea mtu tyubu ili afike mjini ni msaada, ila ilipaswa kuandamana na sentensi moja ya ziada: kesho hii itolewe.

Je, ina maana kwamba rimu ya alumini isitengenezwe kamwe? Hapana, na wanaosema hivyo mara nyingi wana rimu za kuuza. Mikwaruzo ya ukuta wa maegesho husagwa na kupakwa rangi bila madhara. Ukingo wa ndani uliopinda kidogo, usio na ufa uliothibitishwa kwa kipimo na si kwa macho, unaweza kunyooshwa kwa mashine ya haidroliki inayosukuma taratibu, kwa joto dogo au bila joto kabisa, na baada ya hapo ukapimwa upya kwa kipimo cha mshale na kukaguliwa tena kama umepasuka, kwa kuwa ufa mara nyingine huzaliwa wakati wa kunyoosha na si wakati wa kupigwa. Hata hivyo watengenezaji wakubwa wa magari, General Motors ya Marekani wakiwa miongoni mwao, wametoa misimamo ya maandishi kwamba hawaungi mkono rimu zilizochomelewa, kunyooshwa au kuongezewa chuma, na kwamba wanachokubali ni marekebisho ya urembo pekee. Mimi si mkali kiasi hicho kwa upande wa kunyoosha, kwa sababu najua bei za vipuri na barabara tulizonazo. Kwa ufa kwenye mikono au kuzunguka matundu ya nati sina mjadala: rimu hiyo imekwisha. Kwa ufa mfupi wa ukingo wa ndani katika rimu ambayo haijawahi kuguswa, kuna watu makini watakaouchomelea, na ningemtaka mwenye gari ajue kwamba amenunua muda tu. Kwa ufa uliozaliwa pembeni ya uchomeleaji wa zamani, kuchomelea tena ni kupanua ukanda ule laini, na sikuona hoja ya kuutetea hata kwa shilingi 60,000 alizotajiwa na fundi wa agoni kwa kazi yote pamoja na kunyoosha.

Bima iliulizwa na kuachwa haraka. Bima yake kubwa ilikuwa na kifungu kinachomtaka abebe mwenyewe sehemu ya kwanza ya kila dai, na kiasi hicho kilizidi bei ya rimu.

Baada ya kukubaliana kwamba rimu inabadilishwa, mwenye gari alikwenda Ilala kutafuta, na huko akakutana na sehemu ya pili ya kisa hiki, ambayo kwa maoni yangu ni ngumu kuliko ya kwanza. Alipewa chaguo tatu. La kwanza lilikuwa rimu moja ya mtumba ya Forester kwa shilingi 150,000, ikiwa na kutu nyeupe na mikwaruzo. La pili lilikuwa rimu nne za kupendeza zilizotoka kwenye Toyota Wish, kwa shilingi 500,000 zote. La tatu lilikuwa rimu nne mpya za inchi 18, nyeusi zinazong'aa, zenye matundu kumi ya nati ili ziingie kwenye magari ya aina mbili, kwa bei iliyokaribia mara tatu ya zile za Wish. Moyo wake ulikuwa kwenye Wish, na muuzaji alikuwa na maneno yaliyonyooka: "Kaka, nati tano, PCD mia, hizi zinaingia Subaru bila shida."

Muuzaji hakudanganya kuhusu matundu. Forester ya kizazi hicho ina nati tano katika duara lenye kipenyo cha milimita 100 (ndiyo PCD aliyoitaja), na Wish ni hivyo hivyo. Lakini rimu haikai kwenye gari kwa matundu ya nati pekee. Tundu kubwa la katikati la rimu ya Wish lina kipenyo cha milimita 54.1, wakati kitovu cha Subaru kinachopaswa kuingia humo kina milimita 56.1. Milimita mbili hizo zinatosha kuifanya rimu ikatae kukaa. Muuzaji alikuwa na jibu: litapanuliwa. Kulipanua si dhambi iwapo rimu itafungwa kwenye mashine ya kukereza, ikawekwa katikati kwa uangalifu, na kukerezwa kwa kipimo. Kilichokuwa kikipendekezwa, hata hivyo, kilikuwa grainda ya mkono. Tundu lililopanuliwa kwa grainda haliwi duara wala haliwi katikati, rimu huachwa ijitafutie mahali pake kwa nati, na mteja hurudi na mtetemo ule ule uliomtoa nyumbani, safari hii kwa magurudumu manne.

Kisha kuna nati zenyewe. Subaru hutumia nati za milimita 12 zenye hatua ya uzi (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25, na Toyota hutumia za milimita 12 zenye hatua ya 1.5. Ukizishika mkononi huoni tofauti. Nati ya Toyota ikianzishwa kwenye boliti ya Subaru huingia nyuzi moja au mbili kisha hukaza, na kijana mwenye bunduki ya upepo huchukulia kukaza huko kama kutu, hubonyeza, na boliti huharibika. Muuzaji alikuwa akizitoa nati zake bure kama nyongeza ya ukarimu. Zaidi ya hayo Wish ni gari jepesi kuliko Forester hii yenye turbo, na rimu iliyoundwa kwa ajili ya gari jepesi si lazima ibebe zito kwa muda uleule; ndiyo sababu rimu za kununuliwa nje ya kiwanda cha gari hutakiwa kuonyesha uzito zinaoweza kubeba.

Kuhusu zile mpya zenye matundu kumi, sikuzikataa kwa kuwa ni mpya wala kwa kuwa zimetoka China, ambako rimu nzuri nyingi hutengenezwa. Niliomba tu atazame nyuma ya mikono yake kama kuna maandishi: ukubwa, ofseti (umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye kitovu), uzito wa juu, na alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani kinachodai rimu ya mfano ijaribiwe kwa kukunjwa ikizunguka, kwa kukimbizwa chini ya mzigo, na kwa kudondoshewa uzito wa pembeni. Zilikuwa na ukubwa na ofseti ya 35. Uzito na alama ya majaribio havikuwepo. Ofseti ya Forester hiyo ni 48, kwa hiyo rimu ya 35 ingelitoa gurudumu nje kwa milimita 13, likaongeza mzigo kwenye beringi na kubadili namna usukani unavyolivuta gari linapofunga breki. Tairi la inchi 18 lingekuwa na ukuta mfupi zaidi, kwenye barabara ile ile iliyoivunja ile ya kwanza.

Ikabaki rimu mbaya ya shilingi 150,000. Nyuma yake palichapwa 17×7JJ (kipenyo na upana kwa inchi) na 48 (ofseti), na hivyo vilikuwa vipimo vyake hasa. Inasaidia kujua kwamba Forester zilibaki na duara la milimita 100 kwa vizazi kadhaa, hadi kilipokuja kizazi cha mwaka 2018 kilichohamia 114.3, kwa hiyo soko la kutafutia si dogo kama wauzaji wanavyolieleza. Sharti lilikuwa moja: izungushwe kwenye mashine ya balansi bila tairi kabla fedha hazijatoka mfukoni, na ukingo wa ndani usuguliwe na kukaguliwa kwa mafuta ya taa na chaki. Muuzaji alinung'unika, akakubali baada ya kuambiwa kwamba mashine ya jirani italipwa na mteja. Mshale ulicheza chini ya milimita 1, chaki ikabaki nyeupe. Kutu ilisuguliwa, mahali pa kukalia tairi pakapakwa upya, na uso uliobaki ukaachwa na mikwaruzo yake.

Gharama kubwa ya kisa hiki ilitokea mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Tairi lililopigwa lilikuwa na nundu ubavuni, maana yake nyuzi za ndani zilikatika, na tairi la namna hiyo halizibwi. Kununua tairi moja jipya kulionekana dhahiri, isipokuwa kwamba gari hili linaendesha magurudumu yote manne wakati wote, na Subaru huelekeza kwamba mizingo ya matairi isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Matairi matatu yaliyobaki yalikuwa yameliwa milimita 3 zaidi ya jipya. Tofauti ya milimita 3 katika kimo cha meno ni tofauti ya karibu milimita 19 katika mzingo, mara tatu ya kikomo, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma ungekuwa ukisuguana mchana na usiku ili kuifidia. Kulikuwa na njia ya kutafuta tairi la mtumba lenye kimo sawa, lakini matatu yale yalikuwa na tarehe ya 2316 ubavuni, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016, na yalishaanza mipasuko midogo kwenye mizizi ya meno. Alinunua manne. Bei yake ilizidi ile ya rimu mara sita na zaidi, na mtu aliyekuwa akibishania shilingi elfu tisini za tofauti kati ya kuchomelea na kubadilisha alinyamaza kidogo alipoona hesabu hiyo.

Chini ya gari, kilichopatikana kilikuwa tairodi endi (kiungo cha usukani kwenye gurudumu) ya kushoto yenye mchezo, ikabadilishwa. Shokapu na beringi zilikuwa salama. Alaimenti ilifanywa baada ya hapo, ikiwa na sababu mara hii. Uso wa kitovu ulisuguliwa kutu kabla rimu haijakaa, nati za awali za Subaru zikaanzishwa kwa vidole, zikakazwa kwa mpangilio wa msalaba na kumaliziwa kwa spana ya kipimo kwenye nyutoni-mita 100, bunduki ya upepo ikiwa imewekwa kando, na zikapimwa tena baada ya gari kutembea kama kilomita 100. Rimu ilidai risasi za gramu 25. Usukani ulitulia katika miendo yote.

Rimu iliyotolewa ilikuwa na mnunuzi kabla haijapoa. Kijana wa jirani aliitaka kwa bei nzuri kuliko ya chuma chakavu, na kwa kuwa uso wake wa nje ulikuwa safi kuliko ule wa iliyoingia, haikuhitaji mtu kuuliza ingekwenda wapi: nyundo, agoni, rangi ya fedha, na dirisha la duka. Ndiyo njia iliyoileta kwenye gari hili tangu mwanzo. Mwenye gari alikubali ikatwe kwa grainda mahali pawili kupitia ukingo kabla ya kuuzwa kwa kilo. Mkato mmoja tuliupitisha katikati ya uchomeleaji wa zamani. Ndani yake chuma kilikuwa na vijishimo vya gesi, vingine vikubwa kama kichwa cha pini, na ufa mpya ulikuwa umeanzia kwenye kimoja cha hivyo, milimita chache nje ya mstari wa kiungo, ukapita moja kwa moja hadi kwenye ncha ya ukingo.